Wati 75 Zinanitosha

Hapa senta ya Murusagamba, wenye kadi ya grafiki ndani ya kompyuta tuko wawili. Wanaobishania kadi za grafiki ni nusu ya kijiji.

Ubishi wenyewe unafanyika kwenye benchi langu, nje ya steshenari. Benchi hilo nililichongesha kwa ajili ya wateja wanaosubiri picha za pasipoti na kopi za vyeti. Siku hizi mteja akija analikuta limejaa wasomi. Anasimama juani, bahasha kajifunika kichwani, anasubiri waamue nani mwamba kati ya NVIDIA na AMD. Zamani walikuwa Simba na Yanga, nikavumilia, maana Simba na Yanga angalau tunawaona kwenye runinga, na mara mojamoja mmoja wao anafungwa tukapumzika. Kwenye kadi hakuna kufungwa. Kila wiki kuna video mpya ya kulinganisha, na kila aliyeshindwa ana sababu: draiva haijakaa sawa, gemu linapendelea upande wa pili, refa kanunuliwa.

Mwenyekiti wa upande wa NVIDIA ni kijana wa bodaboda anayepeleka abiria Rulenge. RTX 5090 hajaiona hata dukani, lakini atakutajia kwamba ilitoka Januari 2025, memori gigabaiti 32, bei ya kuanzia dola 1,999. Muulize petroli imebaki kiasi gani kwenye pikipiki yake: atatikisa tangi kwanza, asikilize. Upande wa AMD unaongozwa na mwalimu wa kujitolea, mfuasi wa RX 9070 XT, ya Machi mwaka huohuo, dola 599, gigabaiti 16. Hoja yake haibadiliki: "Hesabu fremu kwa kila dola." Dola yenyewe, kwa ninavyomfahamu mwalimu, huwa anaiona kwenye filamu.

Elimu yote hii inatoka kwenye bando la usiku. Wanainama watano juu ya simu moja iliyopasuka kioo, wanatazama skrini mbili zilizopangwa sambamba: gari lilelile, barabara ileile, mvua ileile, na pembeni namba zinacheza. Kushoto 142, kulia 137. "Fremu tano!" anaruka mmoja, na mwanangu mdogo anaamka chumba cha pili. Simu yenyewe wanayotazamia haionyeshi zaidi ya 60. Nimewaambia. Wamenitazama kwa huruma.

Mimi nakula kwa video za harusi, kipaimara na mahafali ya darasa la saba. Video hizo nazitoa kwa fremu 25 kwa sekunde, na hajatokea mzazi akalalamika kwamba ni chache. Na hebu mtazame bibi harusi wa kwetu anavyoingia ukumbini: macho chini, uso umenuna kwa heshima ya wazazi, hatua moja, kituo, nusu hatua, kituo. Kutoka mlangoni hadi mezani wimbo unaisha na kurudiwa. Fremu 144 za nini hapo? Ukimpiga fremu mbili kwa sekunde hutakosa kitu, labda kope.

Turudi kwenye hiyo 5090 yao. Kadi moja inakula wati 575. Watu wa benchi wanalitaja hilo kwa fahari, kama sifa ya ng'ombe dume. Maporomoko ya Rusumo yako humuhumu wilayani kwetu Ngara, mpakani na Rwanda, na mtambo wake wa umeme ni wa megawati 80, zinazogawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Nilichukua kikokotoo mbele yao. Fungu letu la Watanzania, likienda lote kwenye kadi hizo, linawasha 46,000 na ushee, na hapo hatujawasha taa ya mtu, hatujasaga debe la mahindi, wala kompyuta zenyewe zinazobeba kadi hizo hatujazipa chochote. Mwenyekiti akasema basi Rusumo iongezwe.

Mimi mwenyewe nyaya zangu zinatoka nguzo moja na mashine ya kusaga na fundi wa kuchomelea mageti. Mashine ikianza kuzunguka, taa yangu inakuwa ya kishumaa. Fundi akigusisha kijiti chake kwenye chuma, monita inakonyeza. Na wingu likionekana tu upande wa Burundi, kabla hata halijaamua kama litanyesha, umeme unakwenda zake. Kurenda harusi ya saa tatu kwenye kompyuta isiyo na kadi ni kazi ya usiku kucha, na umeme wa huku una adabu ya ajabu: haukatiki mwanzoni. Unangoja asilimia 94. Kwa hiyo mliposikia natafuta kadi, mjue nilikuwa nashindana na kukatika kwa umeme. Fremu za gemu sizijui.

Sasa kompyuta yenyewe. Ni Dell OptiPlex 7010, kizazi cha mwaka 2012, ile nyembamba. Hizi zilizeekea maofisini Ulaya, zikapakiwa kwenye makontena, zikatufikia zikiwa na stika za wenyewe. Yangu ina stika ya maktaba ya lugha nisiyoijua, na nimeiacha kwa sababu inawatisha wateja wanaotaka kupunguziwa bei. Pawasaplai yake ni ya wati 240 kwa kila kitu: prosesa, diski, feni, na hilo lidividi ambalo halifunguki tena. Waya wa ziada wa kulishia kadi haina. Kadi italazimika kunywa kutoka kwenye soketi ya madabodi, na soketi hiyo kwa kanuni inatoa wati 75, basi. Juu ya hapo kasha ni jembamba, kadi ya urefu wa kawaida haiingii; inatakiwa ile fupi, nusu kimo.

Wati 75 na nusu kimo. Ukishasema hivyo, video zote za kulinganisha unaweza kuzifuta, maana kati ya zile za benchini hakuna hata moja inayoanza na swali hilo.

Nikaanza kulinganisha mwenyewe. GTX 750 Ti ya Februari 2014: wati 60, memori gigabaiti 2, haidai waya. Bibi mzuri, lakini gigabaiti 2 kwa programu za kuhariri za leo ni shida. GTX 1050 Ti ya Oktoba 2016: gigabaiti 4, wati 75 kamili, ilitoka kwa dola 139. Hii ndiyo niliyoipenda. GTX 1650 ya Aprili 2019: gigabaiti 4, wati 75, dola 149, nguvu zaidi, ila uwe macho, maana walioziunda wengi wakaongeza tundu la waya kwa ajili ya kujikweza, na isiyo na tundu tena nusu kimo haipatikani kwa kupiga mluzi.

Mwalimu akanuna kwamba AMD nimewaruka. Sikuwaruka. RX 550 ya mwaka 2017 inakula wati 50 na inaingia vizuri, lakini ni dhaifu. RX 6400 ya mwaka 2022 ni wati 53, nusu kimo, haidai waya, imekaa kama imeshonwa kwa vipimo vya Dell yangu. Nilikaribia kumsifu mwalimu. Halafu ukiisoma vizuri unakuta wameinyima enkoda, kile kipande cha chipu kinachofinya video wakati wa kurenda. Kadi ya grafiki ya mwaka 2022 isiyoweza kumfinyia mtu video! Na njia za kupitishia data wameipa nne badala ya 16, hivyo ikikutana na mashine kuukuu inazidi kudorora. Mwalimu akasema kwenye gemu huwezi kuiona tofauti. Nikamwonyesha kibao cha dukani kwangu: Picha, Kopi, Lamination, Video za Sherehe. Gemu halipo.

Ubaya huo hauko upande mmoja. GT 1030 ya NVIDIA, wati 30, kila fundi atakusukumia kwa sababu ni rahisi kuipata, nayo enkoda haina. Tena ziko mbili zenye jina hilohilo. Ya mwaka 2017 ina memori ya GDDR5 inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata wakatoa nyingine yenye DDR4 inayopitisha 16.8, na kwenye boksi wakaandika GT 1030. Nazo GTX 1060 ya gigabaiti 3 na ya gigabaiti 6 hazitofautiani memori peke yake. Ile ndogo imekatwa viini pia, 1,152 badala ya 1,280, na jina wakaliacha lilelile. AMD nao wakapeleka China RX 580 yenye viini 2,048, ambavyo ni viini vya RX 570. Halisi ina 2,304. Muuza mitumba wa hapa akiuza shati la kola ya kubandika anafukuzwa gulioni.

Na kuna jambo ambalo benchi zima hawataki kulisikia. Prosesa nyingi za Intel tangu mwaka 2011, ikiwemo hii i5 ya Dell yangu, zina enkoda yao humohumo ndani. Umelipia tayari. Hainunuliwi, haina boksi lenye picha ya joka, wala haina mtu wa kuitetea.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuwa na safari ya mjini, mji mkubwa, nikampa hela na karatasi yenye maneno: GTX 1050 Ti, gigabaiti 4, fupi, isiyo na waya. Kijana ana diploma. Akarudi baada ya safari ya mabasi mawili na bodaboda akiwa ameikumbatia kama mtoto mchanga. Boksi zuri, lina dubwana la chuma linalotoa moto machoni. Nikaifungua mezani. Siyo fupi. Ina tundu la waya. Haya, tukasema labda ni toleo lingine. Nikaigeuza nyuma, kwenye matundu ya monita, na hapo nikaona kitu cha bluu.

Ngoja nikieleze hicho kitu cha bluu, maana kinaweza kukuokolea mbuzi. Ni tundu la VGA, lile la pini 15 katika mistari mitatu, na skrubu mbili pembeni. Chipu za kizazi cha 1050 Ti hazitoi kabisa mawimbi ya VGA. NVIDIA waliliondoa jambo hilo kizazi hicho. Kwa hiyo ukiona 1050 Ti yenye tundu la bluu, huna haja ya kuichomeka popote. Ni kadi ya zamani, mara nyingi GTX 550 Ti ya mwaka 2011 au GTS 450 ya mwaka 2010, iliyoandikiwa jina jipya kwenye kumbukumbu yake ya ndani. Kompyuta ikiiuliza jina, inajibu bila aibu: 1050 Ti, gigabaiti 4. Inazo gigabaiti 1. Ukiijaza zaidi ya hapo inazimia.

Tuliipeleka kwa fundi mwenye kasha kubwa. Programu ya GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 imefundishwa kuzitambua hizi, ikaweka alama ya feki mbele ya jina. Fundi akasema programu yenyewe inaweza kuwa feki. Nikampigia muuzaji.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Kijana, hii kadi ina VGA."

"Ndiyo mzee, tumekuwekea na VGA. Wengine hawaweki."

"1050 Ti haina VGA."

"Ndiyo maana nakwambia mzee, wengine hawaweki."

Namba hiyo sasa haipatikani. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, kwani tundu likizidi lina hasara gani?" Diploma hiyo. Nililipa mimi.

Kilichonimaliza kabisa ni mwenye kibanda cha video. Alisikia habari, akaja jioni, akaishika ile kadi, akapitisha kidole kwenye tundu la bluu. Projekta yake inakubali VGA tu. Monita za hapa zote ni za VGA, zimetoka kontena moja na kompyuta. Kadi halali ya miaka hii ukiinunua, unaanza kutafuta adapta. Nikamwambia, ndugu yangu, hii ni feki, ni ya mwaka 2011. Akasema, "Feki yenye tundu inanifaa kuliko halali isiyo na tundu." Akailipia nusu ya hela niliyoitoa. Ndiye mwenye kadi wa pili niliyemtaja. Mpaka leo inaonyesha filamu za Kichina zenye sauti ya mtafsiri kila jioni, haijazimia hata mara moja, na mwenyekiti wa NVIDIA anaihesabu kama ushindi wa upande wake.

Mimi hatimaye nilipata 1650 fupi, kuukuu, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Nilimuuliza kama ilichimbia sarafu. Tangu Ethereum waache uchimbaji wa kadi, tarehe 15 Septemba 2022, kadi zilizokuwa zikikaangwa mchana na usiku zilimwagika sokoni, zikafutwa vumbi na kuitwa "imetumika kidogo nyumbani". Akaapa haijachimba. Feni inalia kidogo asubuhi. Lakini harusi ya saa tatu sasa inamalizika kabla wingu halijavuka kutoka Burundi, na fundi wa mageti akikonyeza, tayari nimeshahifadhi.

Ungedhani benchi lingetulia. Oktoba 2025 Microsoft walipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10, wakaja mbio kunipa pole. Kompyuta yangu ni ya kizazi ambacho Windows 11 haikitambui. Nikawauliza wao wanatumia Windows gani. Hawana kompyuta. Sasa ametokea na mfuasi wa Intel, mmoja, mpweke, anayetembea na jina la Arc B580 ya Desemba 2024, gigabaiti 12 kwa dola 249, na pande zile mbili zinamcheka kwa pamoja.

Siku moja alipita mzee jirani, mwenye kahawa, akauliza hao NVIDIA na AMD ni watu gani hasa. Mwalimu, kwa kuwa ni mwalimu, akaeleza: NVIDIA ilianzishwa mwaka 1993, mmoja wa waanzilishi ni Jensen Huang, ndiye bosi hadi leo. AMD waliingia kwenye kadi kwa kuinunua ATI mwaka 2006, na tangu 2014 wanaongozwa na mwanamke, Lisa Su. Wote wawili asili yao Taiwan. Na chipu za kadi zao mpya, pamoja na za huyo Intel mpweke, zinatengenezwa na kampuni moja, TSMC, hukohuko Taiwan.

"Ni ndugu?" akauliza mzee.

Benchi likacheka. Mwalimu hakucheka, maana aliwahi kulisoma. Ni ndugu kweli. Wachunguzi wa nasaba wameeleza kwamba mama yake Jensen ni dada wa babu mzaa mama wa Lisa. Lisa mwenyewe amekiri kuna undugu wa mbali.

Mzee akapiga hesabu kwa vidole, haraka kuliko kadi yoyote. "Jensen na mama yake Lisa ni mabinamu. Basi huyo ni mjomba wake." Akawatazama vijana mmoja mmoja. "Mjomba na mpwa wana maduka mawili, mzigo wanauchukua ghala moja, na nyie mnataka kupigana hapa?"

Kimya kilidumu mpaka mzee alipofika kona. Kisha mwenyekiti akasema ndiyo maana mjomba anaongoza.

Wiki iliyopita nilimkabidhi baba wa bwana harusi mmoja video yake. Alikaa kwenye benchi, nimewaondoa wasomi kwa nguvu, akaitazama yote bila kusema kitu, mpaka kwenye zawadi. Hapo akaniambia nisimamishe, nirudishe, nisimamishe tena. Akasogeza uso kwenye monita.

"Kijana, huyu ni yule beberu wangu?"

"Ndiye, mzee."

"Mbona mdogo? Mimi nilitoa beberu mkubwa. Hiyo kadi yako mpya haiwezi kumkuza?"

Nikamwambia kadi ya kumkuza beberu mpaka afikie alivyomtangaza kwenye kipaza sauti ni ya dola 1,999. Akafikiri kidogo, akauliza kama wanapokea mbuzi.